Jina la kumi na moja

Ijumaa, 29 Novemba 2024

Leo nilikuwa na zamu ya asubuhi. Tramu namba 11 ilipokaribia kituo cha Balgrist nikainua macho, kama ninavyofanya kila siku: upande huu wa barabara kanisa, upande wa pili msikiti mweupe wenye mnara mwembamba kama mshumaa. Msikiti huo upo hapo Zurich tangu 1963, na siku ya ufunguzi meya wa jiji alihudhuria. Ni wa Waahmadiyya, kundi ambalo Waislamu wengi hawalikubali, wale wale waliochapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1953 na masheikh wetu wa pwani wakaja juu. Marehemu babu alikuwa akiitaja tafsiri hiyo kwa sauti ya chini, kana kwamba imefichwa uvunguni. Sasa mjukuu wake yuko ughaibuni, na mnara wa Waahmadiyya ndio unaomkumbusha nyumbani. Babu angenuna.

Miaka 15 imetimia leo tangu Waswisi wapige kura kupiga marufuku ujenzi wa minara ya misikiti. Ilikuwa Jumapili. Mimi sikuwa raia, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusubiri matokeo kama jirani anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili huku jina lake likitajwa.

Mabango nayakumbuka vizuri zaidi kuliko siku yenyewe. Minara myeusi imechomoza juu ya bendera yao kama makombora, na pembeni mwanamke aliyefunikwa, yamebaki macho tu. Basel na Lausanne walikataa yasibandikwe. Zurich waliruhusu, nami nikawa nayapita nikienda kununua maziwa.

Hakuna aliyedhani ingepita. Serikali na bunge waliwaomba wananchi waseme hapana, na uchunguzi wa maoni kabla ya kura ulionyesha wanaounga mkono ni asilimia 37 tu. Jioni masanduku yakasema asilimia 57.5. Kantoni, yaani majimbo yao, nne tu ndizo zilizokataa: Geneva, Vaud, Neuchâtel na Basel-Stadt. Hiyo tofauti kati ya 37 na 57 ndiyo iliyoninyima usingizi. Wenye mabango niliwajua. Lakini hawa waliomjibu mpiga simu hivi, kisha wakaingia na karatasi wakaandika vingine, ni akina nani? Kesho yake kwenye tramu nikawa nahesabu watu kimoyomoyo, mmoja baada ya mwingine. Ujinga mtupu, lakini nilihesabu.

Na minara yenyewe ilikuwa minne nchi nzima. Ule wa kijiji cha Wangen bei Olten, uliochokoza yote haya, una urefu wa mita sita hivi. Mnazi wa kawaida unautazama kutoka juu. Waturuki wa pale waliomba kibali 2005, wanakijiji wakapinga, kesi ikapanda hadi mahakama kuu ya shirikisho, na Januari 2009 mnara ukasimikwa. Wakati huo wapinzani walikuwa wameshakusanya saini zaidi ya 113,000 nchini kote, na zilizotakiwa ni 100,000. Sasa marufuku imo kwenye ibara ya 72 ya Katiba yao, Katiba ile ile ambayo ibara yake ya 15 inalinda uhuru wa dini.

Bibi wa ghorofa ya pili alinieleza miaka mingi baadaye. Jengo letu lina chumba kimoja cha kufulia, chenye ratiba ambayo ukiivunja mmekosana mpaka kiama. Siku hiyo siku zetu zilifuatana, nikamkuta anahangaika na shuka kubwa. Nikashika ncha mbili, yeye mbili. Tulipokutana katikati kukunja, akasema tu, bila mimi kumuuliza: "Ile kura ya minara, nilisema ndiyo. Si kwa ajili yako. Wewe ni mtu mzuri."

Ni yeye huyu anayeniletea biskuti kila Desemba, na hunieleza kwanza zipi zina pombe nisizile.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Kelele."

Kidogo nicheke. Hakuna mnara hata mmoja Uswisi unaopaza adhana nje, na kengele ya kanisa la mtaani kwetu hulia kila robo saa hata saa nane za usiku. Lakini kicheko kilikwama kooni, maana hilo neno nililifahamu. Niliwahi kulitia saini.

Mwaka 2003, nyumbani, walokole walinunua kiwanja mtaani kwetu. Walikuwa wakisali kwenye banda la mabati, wakataka kujenga. Barua ikapita nyumba kwa nyumba kabla ya kupelekwa serikali ya mtaa: wakazi tunalalamikia kelele za mikesha, watoto wanashindwa kusoma. Neno dini halikuandikwa popote. Msikiti wetu ulikuwa na spika nne. Barua ilinikuta nimeshika sahani ya mihogo. Kaka alikuwa ameshasaini namba kumi, nikaihamishia sahani mkono wa kushoto nikaandika la kumi na moja. Sikumaliza hata kuisoma. Ibara ya 19 ya Katiba yetu, ile ya uhuru wa dini, niliikariri shuleni kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulikuwa umeshapita.

Mke wa mchungaji wao alikuwa fundi cherehani. Gauni langu la Idi lilikuwa kwake. Wiki ile ile nikaenda kujaribu, akanizungusha futi kiunoni, akaniambia nimekonda, nile. Kama alikuwa ameiona ile orodha, sijui. Hakuuliza, nami sikusema. Nilimlipa, nikavaa, nikasifiwa.

Ndiyo maana siwezi kumkasirikia sana bibi wa ghorofa ya pili. Yeye alisema, na shuka ikiwa mkononi.

Leo jioni nimempigia mama. Baada ya shikamoo na habari za magoti yake, nikamuuliza kuhusu kile kiwanja.

"Kipi? Cha walokole?" Akafikiri. "Kipo. Hawakupewa kibali. Kuna kijana anafyatulia matofali pale."

"Na yule mama fundi?"

"Walihama zamani, mwanangu. Kwani ulitaka kushona nini?"