Kipimo cha HPV kimesoma chanya, sasa ufanye nini?

Dada yangu wa Mbeya, HPV ni kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, lakini jibu hilo si saratani. Maambukizi mengi huondolewa na kinga ya mwili ndani ya miaka 2. Yanayong'ang'ania, hasa aina ya 16 na 18, ndiyo ya kuogopwa. Rudi kliniki. Muuguzi atapaka mlango wa kizazi asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, asubiri dakika 1, atafute mabaka meupe. Yakiwa madogo huunguzwa kwa joto, mara nyingi siku hiyohiyo. Baada ya kuunguzwa, majimaji yatatoka ukeni wiki kadhaa, na tendo la ndoa lisubiri wiki 4. Usimtuhumu mumeo, kirusi hiki huweza kukaa kimya miaka mingi. Mwenye VVU apimwe tena baada ya miezi 12. Ukitokwa damu baada ya tendo au baada ya kukoma hedhi, usingoje mahindi yavunwe, nenda hospitali.