Kufukiza kwa mtindo wa Kichina: majivu, muhuri na kaa lililofichwa

Shabaha ya mradi huu ni kujifunza kufukiza nyumbani kama walivyofukiza wasomi wa China zama za Song (960–1279), waliohesabu ufukizaji kuwa moja ya sanaa nne za muungwana, pamoja na kuandaa chai, kupanga maua na kutundika picha. Nimekulia Unguja, chetezo si kitu kigeni kwangu. Kwetu kaa huwa jekundu, udi ukawekwa juu, moshi ukapanda, nguo na nywele zikafukizwa. Wachina wale walikuwa na njia nyingine pia: kaa linazikwa ndani ya majivu, na harufu inatoka bila moshi. Ustadi wote uko katika kuupunguza moto, na hicho ndicho kilichonivuta.

Vifaa ni vichache. Kikombe kipana cha kauri chenye kina, kijiko chembamba, kigandamizo bapa, unyoya wa kufagilia kingo, na muhuri, yaani kibati cha shaba kilichotobolewa nakshi ya mstari mmoja usiokatika. Wauzaji wa Kichina huviuza kwa seti.

Majivu ndiyo yaliyonichukua muda, na bado nayashughulikia. Ya jikoni yana chembe za mkaa na mchanga. Yanayofaa ni meupe, yaliyochekechwa mpaka yakawa laini kama poda. Yakishika unyevu, moto unafia njiani. Hapa kisiwani, hasa masika, hewa yenyewe imejaa maji, kwa hiyo kabla ya kuanza nazika kaa la moto ndani ya majivu na kuyaacha yakauke. Kisha nayakoroga yapate hewa na kuyasawazisha taratibu huku nikizungusha kikombe. Yakishindiliwa, hewa haipiti chini ya unga. Yakiachwa tepetepe, muhuri unazama.

Muhuri ndio ninaompendekezea anayeanza, kwa sababu unga wake hauhitaji gundi kama vijiti. Nauweka juu ya majivu, najaza unga kwenye mifereji yake, nakwangua unaozidi, nagonga ukingo kidogo kwa mpini wa kijiko, halafu naunyanyua wima. Unabaki mstari uliojikunja kama ua la yungiyungi. Nawasha ncha moja kwa kijiti cha udi kinachowaka, na cheche inaanza safari yake, ikiacha alama ya hudhurungi kwenye majivu. Zamani hii ilikuwa saa: mchana na usiku viligawanywa sehemu 100, na palikuwa na muhuri wenye alama 100 wa kuzipima.

Unga ninaotumia sasa ni sehemu sita za sandali ya Kihindi, moja ya karafuu, na ubani nusu sehemu. Ubani huyeyuka, ukizidi unauzima mstari. Karafuu ikizidi inafunika kila kitu. Msandali wa porini wa Afrika Mashariki siugusi. Umekatwa mno, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Ubani na karafuu zimo katika vitabu vya kufukiza vya zama hizo za Song. Jahazi la zama hizo lililofukuliwa mwaka 1974 katika ghuba ya Quanzhou, bandari ya China, lilikuwa limesheheni magogo ya harufu, na ndani yake ulikuwemo ubani na ambari, ile nta ya harufu itokayo kwa nyangumi. Zhao Rugua, aliyesimamia biashara ya majahazi katika bandari hiyohiyo, aliandika mwaka 1225 juu ya nchi ambayo wanahistoria wanaitambua kuwa Zanzibar na pwani yake, na kati ya bidhaa zake akataja ambari. Mimi mwana wa pwani hii nalisoma jambo hilo kwa furaha kubwa.

Hatua niliyomo sasa ni ya kaa lililofichwa. Kaa dogo likishashika vizuri nalizika, narundika majivu juu yake yawe kilima, natoboa tundu moja kwa kijiti ili lipumue, na juu naweka kipande chembamba cha ulanga, madini ya tabaka nyembamba yasiyoungua. Napima joto kwa kiganja. Ndipo kinakuja kibanzi cha udi, kidogo kuliko punje ya mchele. Mwanzo unatoka utamu, baadaye harufu inakuwa nzito na chungu kidogo, mambo ambayo kwenye kaa wazi yanapita haraka mno kuyashika. Moshi ukionekana, joto ni kali. Naongeza majivu juu ya kaa.

Dirisha liwe wazi muda wote, kwani kaa hata likizikwa linatoa hewa ya sumu. Na mwenye pumu nyumbani asifukiziwe.

Kinachofuata ni fukizo la mafukara lililomo katika vitabu hivyohivyo: maganda ya lichi, makapi ya miwa, majani makavu ya mberoshi na mizizi michungu ya dawa iitwayo huanglian. Makapi nimeshayapata kwa muuza juisi na yanakauka darini. Maganda ya lichi yanangoja msimu. Nitaanza na makapi peke yake juu ya ulanga, nijue yananukaje kabla ya kuyasaga na kuyachanganya na kingine.