Siku Tatu Kwenye Barabara ya Mizabibu

Tulipokuwa tukiipanga safari hii, mimi na dada yangu tuliorodhesha viwanda vidogo vya mvinyo kumi na viwili vilivyo kando ya barabara moja inayofuata bonde, tukavigawa kwa siku tatu, tukaona kwamba vinne kwa siku si kazi kubwa. Tuliishia kutembelea saba tu, na kama ningeanza upya ningeridhika na vitano. Katika kiwanda kidogo, mtu anayekumiminia mvinyo mara nyingi ndiye aliyeipogoa mizabibu, akavuna, akakamua, akakesha usiku kucha akipima joto la juisi inayochachuka. Mtu wa namna hiyo ana mengi ya kueleza, na hayaelezeki kwa robo saa huku mgeni akitazama saa yake.

Siku ya kwanza tulikwenda mbio, na nilijuta. Tulipofika kiwanda cha tatu sikuweza tena kutofautisha mvinyo mmoja na mwingine, ingawa sikuwa nimelewa, kwa kuwa nilikuwa nikitema karibu kila nilichoonja. Ulimi huchoka. Tanini, ambayo mvinyo mwekundu huipata katika maganda na mbegu za zabibu, hung'ang'ania kinywani na kukikausha, na kila onjo jipya hulikuta lililotangulia bado halijaondoka. Maji na kipande cha mkate husaidia, lakini hakuna kinachosaidia kama kupumzika. Kuhusu kutema, najua wengi huona haya, wakidhani ni kumdharau mwenyeji. Kwa kweli wenyeji wenyewe hutema kazini kila siku, na ndoo ya kutemea huwekwa mezani ili itumike. Mvinyo mwingi una alkoholi ya kati ya asilimia 11 na 15, kwa hiyo hata maonjo madogo yakijumlishwa huwa glasi kamili. Tulikubaliana kwamba anayeendesha gari siku hiyo haonji kabisa, ananusa tu. Dada alishika usukani siku ya kwanza na ya tatu, na namshukuru kwa dhati.

Jambo moja la siku ile ya kwanza bado linaniuma. Mahali fulani tulimiminiwa mvinyo mwekundu uliokuwa ukinuka kama karatasi nene iliyolowa maji ikaachwa kwenye chumba kisicho na hewa. Matunda hayakusikika kabisa. Nilinyamaza, nikidhani kasoro ni ya pua yangu, nikashukuru, nikaondoka. Kesho yake nilimsimulia mwenye kiwanda kingine, naye akanieleza kwamba huenda ulikuwa ugonjwa wa kizibo. Vizibo vya asili hutengenezwa kwa gome la aina ya mwaloni unaoota katika nchi za Mediterania, na mara nyingine gome hilo huwa na kemikali iitwayo TCA, ambayo hutokea kuvu wanapokutana na viambata vya klorini. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa nanogramu chache tu katika lita moja. Haimdhuru mnywaji, ila huua harufu yote ya tunda. Aliniambia jambo ambalo sitalisahau: mgeni anayenyamaza humwacha mtengenezaji aendelee kuwamiminia wengine chupa ileile mbovu siku nzima. Basi sema, kwa adabu, na uombe chupa nyingine ifunguliwe. Mtengenezaji mwenye kuipenda kazi yake atainusa mwenyewe kabla hujamaliza kueleza.

Huyohuyo ndiye aliyetupeleka shambani, jambo ambalo hatukuliomba. Aliinama kwenye mzabibu mmoja, akafukua udongo kidogo kwa vidole, akatuonyesha uvimbe wenye kovu karibu na ardhi. Hapo, alisema, mimea miwili ilikutana. Katika karne ya 19 mdudu mdogo aitwaye filoksera aliingia Ulaya kutoka Amerika Kaskazini, akaanza kuishambulia mizizi ya mizabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1860, na baadaye mashamba katika nchi nyingi yakateketea. Dawa nyingi zilijaribiwa, lakini kilichookoa zao hilo ni kubebesha: kikonyo cha mzabibu wa Ulaya huungwa juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani ambao mizizi yake humvumilia mdudu huyo. Hadi leo sehemu kubwa ya mizabibu ya mvinyo duniani imesimama juu ya mizizi isiyo yake. Nilikuwa nimesoma habari hiyo zamani. Kuligusa kovu lile, gumu kama goti la mzee, kulinifanya niielewe kwa namna nyingine.

Tulikwenda wiki chache baada ya mavuno, na kwa maoni yangu hakuna wakati bora. Wakati wa mavuno yenyewe usiwasumbue watu. Hawalali, na kila saa ina thamani. Baada ya hapo mvinyo mpya umo kwenye mapipa na matangi, bado unabadilika, na mwenye kiwanda ana nafasi ya kuzungumza. Piga simu kabla ya kwenda, kwa sababu wengine hawana mhudumu na hufungua mlango kwa miadi tu. Usijipake manukato, maana yatakinyang'anya chumba kizima harufu ya mvinyo. Na chupa utakazonunua usiziache kwenye buti la gari lililosimama juani: joto hutanua mvinyo ukasukuma kizibo, na ladha huharibika hata kama hakuna tone lililomwagika. Sisi tulibeba sanduku lenye barafu, tukalifunika kwa blanketi.

Kiwanda cha saba kilikuwa banda moja lenye mapipa ishirini hivi. Mama mwenye kiwanda hakutupeleka mezani. Alitupa glasi, akachukua mrija wa kioo, akang'oa kizibo cha pipa moja na kunivutia mvinyo kidogo. Ulikuwa mkali kama tofaa bichi. Akaenda pipa la jirani, lenye zabibu za shamba lilelile zilizovunwa siku ileile, akanimiminia tena. Huo ulikuwa laini, wa mviringo kinywani, ukali wake umepungua karibu nusu. Nilidhani ameongeza kitu. Akacheka, akaniambia niweke sikio kwenye tundu la pipa la kwanza. Nilisikia mchakarisho mdogo sana, kama wa chumvi inayomwagika juu ya karatasi. Ni bakteria, alisema, wanaoigeuza tindikali ya malaki, ambayo ndiyo ya tofaa, kuwa tindikali ya laktiki, ambayo ndiyo ya maziwa, na hewa ya kaboni inayotoka ndiyo inayochakarisha. Pipa la pili walikwisha kumaliza kazi, la kwanza bado, na yeye hawaharakishi. Angeweza kulipasha banda moto ili mambo yaende upesi. Ameamua kusubiri.

Nilimuuliza jinsi mtu anavyojifunza uamuzi kama huo. Alijibu kwamba zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo aliyeanza akiwa na miaka thelathini, akijaliwa afya, atatengeneza mvinyo wake mara arobaini hivi maishani, na kosa la mwaka huu hulisahihishi hadi mwaka ujao. Alisema hivyo bila huzuni yoyote, huku akiosha mrija.

Mvinyo wa mwaka uliotangulia alikuwa amejaza mapipa mawili tu. Pipa lake ni la lita 225, yaani chupa 300, na kati ya zile chupa mia sita zilikuwa zimebaki kumi na moja kwenye rafu ya ukutani. Nilinunua mbili. Dada, ambaye siku nzima alikuwa akinusa tu, alifungua moja jioni ile tulipofika mahali pa kulala, akaonja, akaweka glasi chini, akauliza kama tungeweza kurudi kesho yake kuchukua zile tisa.