Wasiougua na Wasiopona

Taarifa ya korona iliyosomwa kila siku jijini Nairobi mwaka 2020 ilikuwa na hesabu tatu ambazo kila mtu alizisubiri: walioambukizwa, waliopona na waliofariki. Nikizitazama leo, naamini kwamba sehemu kubwa ya shaka ya wananchi, ambayo wakubwa waliiita ukaidi au ujinga, ilitokana na watu wa aina mbili ambao hesabu hizo hazikuwapa mahali: aliyeambukizwa bila kuugua, na aliyeandikwa kuwa amepona ilhali bado anaumwa.

Wa kwanza ndiye aliyezua maneno mengi. Aprili 2020, wagonjwa wa kwanza kupona nchini walipozungumza kwa video na Rais Uhuru Kenyatta, mitandao ilijaa kejeli, kwani walionekana wazima mno kuaminika. Madereva wa malori nao walipimwa mipakani, Malaba, Busia na Namanga, na wengine wakaambiwa wana virusi baada ya safari ndefu ambayo hawakukohoa hata mara moja. Wanaodai kwamba Mkenya hawezi kuelewa maambukizi yasiyo na dalili husahau kwamba Ukimwi ulikuwa umetufundisha somo hilo kwa miongo kadhaa. Kila mtoto wa shule anajua kwamba mwenye virusi hatambuliwi kwa kutazamwa. Tofauti ni kwamba jibu la kipimo cha Ukimwi likishathibitishwa halibadiliki, ilhali aliyekutwa na virusi vya korona leo angeweza kupimwa wiki mbili baadaye asikutwe navyo, na katikati ya majibu hayo mawili akawa ameshafungiwa karantini na kudaiwa gharama za malazi. Anayelipishwa kwa ajili ya ugonjwa asiouhisi ana haki ya kuuliza maswali.

Wataalamu wenyewe hawakuwa wametulia. Tarehe 8 Juni 2020, Maria Van Kerkhove wa Shirika la Afya Duniani alisema kwamba ni nadra sana, kwa data iliyokuwapo, kwa mtu asiye na dalili kumwambukiza mwingine; kesho yake akafafanua kwamba alikuwa akirejelea tafiti chache, na kwamba kuna makadirio yaliyofikisha mchango wa watu hao hadi asilimia 40 hivi ya maambukizi. Waliochanganywa hapo ni watu wawili: asiyepata dalili tangu mwanzo hadi mwisho, na ambaye dalili zake hazijaanza lakini tayari anaambukiza, pengine siku moja au mbili kabla ya kuhisi homa. Kwa mtaalamu tofauti hiyo ni kubwa, lakini haimsaidii abiria wa matatu, maana siku wanapoketi kando yake wote wawili wanaonekana wazima. Wiki hiyo hiyo Wizara ya Afya ikazindua mwongozo wa kuwatunza nyumbani wasio na dalili, na jirani yangu akaziunganisha habari hizo mbili: wanarudishwa kwa sababu hawaambukizi. Sababu ilikuwa uhaba wa vitanda, lakini mantiki ya jirani sikuiona kuwa mbaya.

Baadaye watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walipima kingamwili, yaani alama zinazobaki baada ya mwili kupambana na virusi, katika damu ya wachangiaji 3,098 iliyokusanywa kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni 2020. Walikadiria kwamba asilimia 4.3 ya watu wazima nchini walikuwa wameshaambukizwa, na Mombasa asilimia 8, wakati visa vilivyotangazwa vilikuwa elfu chache tu; yaani wengi waliambukizwa bila hesabu za kila siku kuwajua.

Kuhusu waliopona tulizungumza kidogo mno. Tangu 27 Mei 2020, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeacha kudai vipimo viwili visivyo na virusi; siku kumi tangu dalili kuanza, pamoja na angalau siku tatu bila homa wala shida ya kupumua, zilitosha kumruhusu mgonjwa atoke. Kigezo hicho kilipima hatari ya kuambukiza wengine, wala si kurudi kwa nguvu za mwili. Shangazi yangu wa Mombasa alihesabiwa miongoni mwa waliopona, kisha miezi ikapita hawezi kumaliza ngazi za ghorofa bila kusimama, na katika sala akisahau amefika rakaa ya ngapi. Alipimwa malaria, sukari na presha, hakuonekana na kitu, akaambiwa ni mawazo. Ajabu ni kwamba baada ya mlipuko wa chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, wa 2017 na 2018, Mombasa hiyo hiyo ilikuwa na watu walioumwa viungo kwa miezi, na sikumbuki wakiambiwa hivyo.

Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilitoa fasili ya hali hiyo ya kuendelea kuumwa baada ya korona: dalili zinazokuwapo kwa kawaida miezi mitatu tangu ugonjwa kuanza, zikidumu angalau miezi miwili, na zisizoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Inamkubali hata ambaye hakuwahi kupimwa, mradi kuna sababu ya kuamini kwamba aliambukizwa, na kwa nchi ambayo wengi hawakupimwa hilo si jambo dogo. Ila inamhitaji daktari mwenye nafasi ya kusikiliza habari za miezi mitatu, na katika hospitali za umma ninazozijua, ambako foleni huanza kabla ya jua kuchomoza, nafasi hiyo ni adimu kuliko kipimo chenyewe.