Udongo wa unga: husongwa kwanza, ndipo ukakandwa

Sisi tuliokulia Kondoa hatukununuliwa udongo wa kuchezea. Tulichimba kichuguu, tukatia maji, tukafinyanga ng'ombe wenye pembe ndefu na kuwaanika juani. Sasa naishi ghorofani Kinondoni. Wanangu, wa miaka mitatu na mitano, wakishuka chini wanakuta zege tupu. Nikaamua kuwatengenezea udongo wa unga.

Mara ya kwanza niliukanda kama wa chapati, kwa maji baridi, chumvi kijiko kimoja tu kwa kuionea uchungu. Uliwanata vidoleni, na siku ya tatu nilipofungua kopo ulikuwa umeota ukungu na kunuka uchachu. Chumvi ndiyo inayouzuia usioze, na inatakiwa nyingi.

Jirani yangu anayefundisha chekechea alipouona akasema, "Shoga, huo husongwa kwanza, ndipo ukakandwa." Basi nikaingia jikoni upya. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi laini kikombe kimoja, maji vikombe viwili, mafuta ya kupikia vijiko viwili vikubwa, na maji ya ndimu vijiko viwili vikubwa ili uvutike vizuri. Vyote nikavikoroga sufuriani vikiwa baridi hadi mabonge yakaisha, kisha nikabandika kwenye moto mdogo.

Hapo usiondoke. Kwa dakika kama mbili utaona uji tu, halafu ghafla unaanza kushika chini. Songa bila kupumzika. Mwiko unakuwa mzito, uji unageuka bonge, na bonge linaachia sufuria kama ugali ulioiva. Gusa kwa kidole: ukinata, bado. Nilipoumwaga kwenye kibao na kuukanda ungali vuguvugu, ulilainika hadi nikatabasamu peke yangu. Ule uliopikwa haufanani kabisa na ule mbichi.

Rangi niliigawa mwishoni: bizari ya manjano kwenye bonge moja, rangi ya biriani kwenye jingine. Bizari inaganda kwenye nguo, kwa hiyo wavalishe za kushindia.

Kosa la pili lilikuwa kuufungia koponi ukiwa wa moto. Mvuke uligeuka maji, asubuhi ukawa unateleza. Niliuokoa kwa kukandia unga mkavu kiganja kimoja. Siku hizi nausubiri upoe kabisa, na kwa joto hili la Dar naufunika vizuri kila wakimaliza, maana chumvi hunyonya unyevu wa hewani.

Jambo moja nasisitiza: mtoto mwenye kidonda mkononi asishike. Mdogo alikuwa amechubuka kidole, akalia kwa chumvi ile hadi nikaumia mwenyewe. Na wasiule. Wangu alionja mara moja, akatema, akaomba maji.

Jana mkubwa amefinyanga ng'ombe wa manjano, pembe zimemshinda zikaanguka. Nikakaa naye mkekani, nikamwonyesha jinsi ya kuzibana shingoni kwa kidole gumba, kama tulivyofanya kule kichuguuni. Sasa yupo dirishani, anakauka.