Jumatano ya mwinjilisti wa shule, Moshi

Nikisema kazi yangu ni uinjilisti, watu wengi hapa mjini hudhani nasimama stendi na spika kuwatisha abiria kwa jehanamu. Ndugu zangu kule Upare wao wanaamini mwinjilisti ni mtu aliyekosa nafasi ya kuwa mchungaji. Nilisoma chuo cha Biblia Mwika, nimeajiriwa na usharika wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na sehemu kubwa ya wiki yangu inaishia kwenye shule za sekondari: vipindi vya dini, darasa la kipaimara, kikundi cha UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo. Na wazazi. Wazazi ndio wanaochosha.

Saa 11 alfajiri. Naamka, nabandika chai, naacha maagizo ya watoto. Saa 12 niko kanisani kuongoza sala ya asubuhi, pamoja na akina mama wa sokoni wenye haraka na wazee wasio na haraka yoyote.

Saa 2. Shule ya kwanza ni ya kutwa. Kipindi cha dini kipo kwenye ratiba ila hakina chumba. Rimu ya gari ikigongwa, shule inagawanyika: Wakatoliki kwa katekista upande wa maabara, Waislamu kwa ustadhi chini ya mwarobaini, Wasabato nyuma ya maktaba, na wangu mikondo mitatu ndani ya darasa moja, wengine wakisikiliza dirishani. Ofisi hutoa boksi moja la chaki kwa "watu wa dini", kwa hiyo mimi na ustadhi tunagawana. Hatujawahi kugombana. Chaki za rangi anapenda kunipa mimi.

Huwezi kuwaelewa wanafunzi hawa bila ramani ya Mlima Kilimanjaro. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Wakatoliki tayari walikuwa wameanza Kilema. Wakagawana vilima. Hadi leo ukiniambia kwenu Kibosho nitakusalimia "Tumsifu Yesu Kristo", ukisema Machame nitasema "Bwana asifiwe", na mara nyingi nitakuwa nimepatia. Dhehebu la mtoto lilishaamuliwa kabla babu yake hajazaliwa. Shuleni ndipo anapokalia dawati moja na mtu wa kilima kingine, na hapo maswali yanaanza.

Leo swali lilianzia kwenye amri kumi. Tulikuwa tunarudia Katekisimo Ndogo ya Luther, kile kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, wanaijua kwa kichwa wote. Nikataja amri ya nne, darasa zima likaitika: "Waheshimu baba yako na mama yako!" Kijana mmoja wa nyuma, ambaye najua jioni huenda kwenye kikundi cha CASFETA na rafiki zake Wapentekoste, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa wenzetu hiyo ni ya tano."

Wakacheka. Nikawaambia wafungue Kutoka 20 tuhesabu pamoja. Amri zenyewe hazikuandikiwa namba pale. Sisi na Wakatoliki tunaweka katazo la sanamu ndani ya amri ya kwanza, halafu kule mwisho tamaa tunaigawa mara mbili. Wenzetu wanaitenga sanamu na kuiacha tamaa iwe moja. Wote tunafika kumi. Kijana akahesabu kwa vidole, akarudia tena, akauliza, "Sasa nani alituamulia sisi tuhesabu hivi?" Rimu ikagongwa.

Kuna wazazi wangeliita swali hilo kiburi. Mimi huwa nalisubiri muhula mzima.

Saa 4. Chai ya rangi na andazi kibandani nje ya geti.

Saa 5. Shule ya pili ni ya bweni, na ndiko liliko darasa langu la kipaimara. Sikulifikia kwa wakati. Askari wa geti alinipokea na uso wa mtu aliyekwisha kushindwa. "Kuna mama anakusubiri. Nimemwambia leo si siku ya kutembelea, hanisikii."

Alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani. "Bwana asifiwe, mama." Hakuitika.

"Wewe ndiye mwinjilisti? Wewe ndiye umemwambia mtoto wangu asipate kipaimara?"

Sikumwambia hivyo. Binti yake yuko kidato cha pili, na darasani tulikuwa tunasoma ubatizo: kwamba ulipokuwa mchanga, wazazi na wasimamizi walijibu kwa niaba yako, na siku ya kipaimara unasimama mwenyewe ujibu. Binti akasema mbele ya wenzake, "Mimi nikiulizwa kama naamini nitasema ndiyo, kwa sababu ukumbi umeshalipiwa." Nilimjibu kwamba anaweza kusubiri mwaka mmoja, azungumze na mchungaji. Akaandika nyumbani barua.

Mama akafungua mkoba. Ikatoka kadi ya mwaliko, maandishi ya dhahabu, picha ya binti katikati. Ukumbi uko Pasua, nusu imelipwa. MC amepewa kianzio. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imeagizwa. Gauni jeupe liko kwa fundi. Kamati iko WhatsApp na wajomba wa Dar wameshatoa ahadi zao. Alipomaliza akaanza tena kwenye ukumbi. Nilijaribu kusema neno, akaninyooshea kadi. Matroni akapita, badala ya kuzima moto akaongeza kuni: "Watoto wa siku hizi, mama, ni simu hizi." Simu zimepigwa marufuku shuleni, na anayezikusanya ni yeye.

"Amri ya nne, mwinjilisti! Hamuwafundishi amri ya nne?"

Nilijikaza nisicheke.

Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nikae chini. Anauza mitumba pale soko la Memorial. "Miaka yote nachangia watoto wa wenzangu. Nimechangia hata watoto wasionisalimia njiani. Leo zamu yangu imefika, mtoto ananiambia hayuko tayari?" Hapo nikaelewa kuwa sigombani na sherehe. Mchango huku kwetu ni deni linalozunguka, na la kwake lilikuwa linakaribia kurudi.

Lakini binti naye ana haki yake. Nikaomba aitwe kutoka darasani.

Alikuja na sweta la shule limemning'inia bega moja. "Shikamoo mama." Mama akaanza kwa Kichaga, haraka, na mimi Mpare nikaachwa njiani kabisa. Binti akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Mama, sijakataa kanisa. Naomba mwaka mmoja tu. Nasali kila usiku, muulize matroni."

Matroni, ambaye alikuwa bado hajaondoka, akakiri. "Ni kweli. Huyu ndiye anayewaamsha wenzake kwa sala ya asubuhi. Hakuna aliyemtuma."

Mama akanyamaza. Akalivuta lile sweta likakaa vizuri begani, akafunga kifungo cha juu. Halafu akanigeukia mimi, si binti: "Na kadi je?"

Tulizunguka hapo muda ambao sikuuangalia. Tulipoachana, kipindi changu kilikuwa kimekwisha na makande ya walimu yamebaki ukoko. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba Jumapili watakwenda kwa mchungaji, mama na mtoto.

Jioni ilikuwa UKWATA, shule ya kwanza tena, na miguu ilikuwa inauma. Huko siongozi, nakaa nyuma. Mwenyekiti ni kijana wa kidato cha tatu, mtoto wa mzee wa kanisa, ambaye mwaka jana alikuja mara moja tu, tena kwa ajili ya kinanda. Sasa anahubiri kwa jasho. Wengine bado wanakuja kwa sababu ya mapambio, na wawili watatu kwa sababu ya wasichana, nawaona. Wakaanza maombi kwa sauti hadi mwalimu wa zamu akaja kulalamika kwamba kidato cha nne wanajisomea. Nikaenda kuomba radhi mimi, maana ndiyo kazi ya mtu mzima. Niliporudi walikuwa wanasali kwa kunong'ona, ila ngoma walikuwa hawajaiacha.

Nyumbani usiku, kujaza ripoti ya usharika: waliohudhuria, sadaka, mahitaji. Kwenye mahitaji niliandika chaki. Simu ikaita mlio wa ujumbe. Ni mama wa asubuhi.

"Mwinjilisti, Jumapili mchungaji anapatikana saa ngapi? Na fundi anauliza aendelee na gauni au aache."

Nikamjibu: "Baada ya ibada ya kwanza, mama. Gauni aendelee, ila aache pindo kubwa. Umri huo wanarefuka haraka."