Tasnifu yangu ya tabianchi ilitoka kwenye faili la risiti

Nilipoanza kutaja kwamba nataka kusoma shahada ya uzamili ya uongozi wa mabadiliko ya tabianchi na uendelevu, ushauri ulinimiminikia, na karibu wote ulikuwa mbovu. Mmoja alisema bila fizikia na kemia nitaumbuka wiki ya kwanza. Mwingine, mwenye digrii zake mbili za mazingira, aliniambia nianze na cheti cha hali ya hewa "ili nizoee". Mimi ni mhasibu. Nimemaliza, nimefaulu vizuri, na sehemu iliyonipa alama nyingi kuliko zote ilikuwa hesabu ya kuzidisha. Nasema kwa majivuno, mnivumilie.

Maombi sina la kueleza, ni vyeti na wadhamini kama kozi nyingine. Ila barua ya maelezo binafsi ina jambo. Niliazimwa mfano unaoanza na "tangu nikiwa mtoto nimeipenda asili". Niliurudisha. Niliandika kuhusu akaunti ya mafuta ya jenereta iliyokuwa ikinenepa kila mwaka pasipo mtu kuuliza, na kwamba nataka kujua nani ana mamlaka ya kuuliza. Nilipokelewa. Ada nililipa kwa awamu, na kwa jumla ilimeza mishahara mingi kuliko nilivyomwambia mwenzangu nyumbani. Bajeti ya intaneti iweke pembeni kabisa, maana mihadhara ya jioni haikungoji.

Ripoti za IPCC, jopo la kimataifa la serikali kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ndizo zinazotisha wageni, na hapo nako nilishauriwa vibaya: "soma kuanzia ukurasa wa kwanza." Hakuna anayezisoma hivyo. Jopo hilo liliundwa mwaka 1988, na tathmini yake ya sita, iliyokamilika mwaka 2023, ina maelfu ya kurasa katika makundi matatu: sayansi yenyewe, athari na namna ya kuhimili, halafu upunguzaji wa gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto. Mimi nilianza na maswali yanayoulizwa mara kwa mara, ambayo yamo kwenye sura za ripoti na yameandikwa kwa lugha ya kueleweka. Kisha muhtasari ulioandikwa kwa ajili ya watunga sera, ambao serikali huupitisha mstari kwa mstari, kwa hiyo kila neno limegombewa. Wakisema jambo "lina uwezekano", wanamaanisha asilimia 66 au zaidi. "Uwezekano mkubwa sana" ni asilimia 90 kwenda juu. Mhasibu aliyezoea maoni ya wakaguzi hapati shida na lugha ya namna hiyo.

Sayansi niliyoihitaji hasa ilikuwa ndogo. Lita moja ya dizeli ina uzito usiofika kilo moja, lakini ikiungua hutoa kama kilo 2.7 za kabonidioksidi. Nilidhani kitabu kimekosewa chapa. Kumbe kaboni ya mafuta hujitwalia oksijeni hewani, na oksijeni ndiyo yenye uzito zaidi: kwa kila gramu 12 za kaboni unapata gramu 44 za gesi. Basi. Ukishalielewa hilo, lita unazizidisha kwa kizidisho chake, yaani kilo za gesi kwa kila lita, umeme unauzidisha kwa kizidisho cha gridi yako ya umeme, unajumlisha. Darasani kulikuwa na wahandisi waliokuwa wakipata majibu tofauti kwa sababu hawakuzoea kulinganisha vitabu vya hesabu.

Somo la uongozi wengi walilidharau, wakaliita maneno matupu. Mimi lilinikaa. Ronald Heifetz wa Harvard anatofautisha matatizo ya kifundi, ambayo mtaalamu anakuja, anatengeneza, anaondoka, na yale yanayotaka watu wenyewe waache mazoea yao. Anasema viongozi hushindwa wanapoyatibu ya pili kwa dawa ya ya kwanza. Na kwenye majadiliano ya kuigiza ya mkutano wa tabianchi, kundi letu lilipewa nafasi ya mataifa ya visiwa vidogo. Nililalamika kwamba hatuna nguvu. Halafu nikagundua kwamba kanuni ya kupiga kura haijawahi kupitishwa tangu mkataba wa 1992, na maamuzi hupita kwa makubaliano. Mdogo akikataa kunyamaza, kikao kinakwama. Tulikataa kunyamaza mpaka mwalimu akaomba tuende kulala.

Sasa tasnifu. Msimamizi wangu alitaka mada kubwa, kitu kama "nafasi ya uongozi katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi katika nchi zinazoendelea". Nikamuuliza kwa adabu nitaipima kwa nini. Nilitaka kukokotoa gesijoto za taasisi ninayofanyia kazi, kwa mwongozo wa GHG Protocol uliotoka mara ya kwanza mwaka 2001. Una mafungu matatu: unachochoma au kukivujisha mwenyewe, umeme unaoununua, na vingine vyote, kuanzia safari na manunuzi hadi taka. Fungu la tatu peke yake lina vipengele 15. Alikubali shingo upande.

Waliotutangulia walisema nisambaze dodoso. Nilisambaza, tena zuri, lenye visanduku vya kila mwezi. Mkuu wa usafiri, kwenye kisanduku cha lita, aliandika "tunatumia kwa uangalifu". Stoo walisaini tu chini, kila kitu kingine kitupu. Idara moja ilijaza visanduku vyote, nikafurahi, kisha nikaona namba ni ile ile kutoka Januari hadi Desemba, na inaishia na sifuri tatu. Hata likizo walikuwa wakichoma mafuta.

Nikakaa ofisini nikiyatazama madodoso yangu, na nyuma yangu kabati limejaa mafaili. Watu hawa hawajui walichotumia, lakini wote wameniletea risiti ili walipwe! Hakuna aliyesahau hata moja. Dizeli, bili za umeme zenye yuniti zake, tiketi, vyote viko kwenye leja, vimekaguliwa na kupigwa mihuri. Risiti isiyoonyesha lita niligawa kiasi kwa bei ya siku hiyo, nikalinganisha na kitabu cha safari cha dereva. Palipopishana sana nilimwita dereva, lakini hayo si ya tasnifu.

Utamu ulikuwa kwenye akaunti ya matengenezo ya majengo. Mstari mmoja ulijirudia: "kujaza gesi viyoyozi". Jengo lile lile, fundi yule yule, kila baada ya miezi michache, wala hakuna kilo iliyoandikwa, fedha tu. Nikampigia.

"Dada, gesi huisha kwa matumizi," akaniambia kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Ndiyo kawaida yake."

Si kawaida yake. Gesi ya kiyoyozi huzunguka kwenye mfumo uliofungwa, inageuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke, haiungui wala hailiwi. Ikipungua, imevuja. Na gesi yenyewe, R-410A, si ya mchezo: kilo moja ikitoka hewani, kwa kipimo cha miaka 100, hupasha joto kama tani mbili hivi za kabonidioksidi. Hiyo ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 700 za dizeli. Ndiyo maana nchi zilikutana Kigali mwaka 2016 zikaongeza gesi za jamii hiyo kwenye Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni.

Sikubishana naye. Nilimwambia kuanzia sasa ankara italipwa kwa kilo, na mtungi utapimwa kwenye mizani ya stoo unapoingia na unapotoka. Mara ya kwanza alinuna. Mara ya pili alikuja na kilo ameziandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Na kwa kuwa sasa nilikuwa na bei ya kilo, nilirudi kwenye ankara za nyuma nikazigawa moja moja. Ukiwa na shida ya data, tafuta nani analipwa kwa jambo hilo, kisha umwombe anayeidhinisha malipo. Wenzangu walizunguka na barua za utambulisho, mimi nilikuwa na kalamu ya kuidhinisha.

Jumla ilipotoka, uvujaji wa jengo lile ulikuwa umeipita dizeli ya jenereta. Wakati huo wote kamati yetu ya mazingira ilikuwa ikigombana kuhusu kuchapisha pande mbili za karatasi. Walikuwa na mabango ya "fikiri kabla ya kuchapisha" kila mlango. Yamechapishwa upande mmoja.

Kumshawishi bosi ilikuwa kazi nyingine. Kwenye rasimu ya kwanza nilimwekea grafu na tani za kabonidioksidi linganifu, yaani gesi zote zikiwa zimegeuzwa kuwa kipimo kimoja, akashukuru sana, akaendelea na simu yake. Nikaja tena na safu moja tu, fedha zilizolipwa kujaza gesi iliyokwisha kuvuja. "Kwa hiyo tunanunua kitu na kukipuliza nje?" akauliza. Nikasema ndiyo, bosi. Bomba lilizibwa mwezi ule ule. Hiyo ndiyo sehemu ya kifundi. Iliyochukua muda ni kuwafanya watu wa manunuzi waandike kwenye mkataba kwamba fundi atafute mvujo kwanza ndipo ajaze, maana walikuwa wamezoea njia ya haraka na haikuwahi kuwaumiza. Nililiandika hilo kama sura nzima. Msimamizi aliyetaka mada kubwa akasema hiyo ndiyo sura bora.

Kama wewe pia utahesabu viyoyozi, angalia kibandiko cha kila kimoja. Viwili vya kwetu vilikuwa vya zamani, vya R-22, ambayo imo kwenye Itifaki ya Montreal lakini haimo kwenye orodha ya gesi za Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kupunguza gesijoto, kwa hiyo haijumlishwi kwenye mafungu, huandikwa pembeni peke yake. Mtahini wa nje alifungua ukurasa huo huo akaniuliza kwa nini namba ile iko nje ya jedwali. Swali hilo nilikuwa nimelingoja siku zote.